Mfanyabiashara wa Uyole na Kifurushi cha Muuzaji Mtandaoni: Mambo ya Kupima Kabla ya Kulipa

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

Wafanyabiashara wadogo wanaokusudia kuuza bidhaa zao katika masoko ya mtandaoni wanashauriwa kupima mauzo, faida na msimu wa bidhaa zao kabla ya kulipia kifurushi cha muuzaji, kwa kuwa ada ya kifurushi hudaiwa hata katika mwezi ambao hakuna kilichouzwa.

Makala haya yanaeleza aina za malipo ambayo masoko hayo huwatoza wauzaji, namna ya kuyalinganisha kwa hesabu ya kawaida, masharti yanayopaswa kusomwa kabla ya kukubali, pamoja na wajibu wa kisheria wa mtu anayeuza mtandaoni nchini Tanzania. Mifano imechukuliwa katika mazingira ya Uyole, mkoani Mbeya, lakini kanuni zake zinamfaa mfanyabiashara wa mahali popote.

Uyole ipo upande wa mashariki wa Jiji la Mbeya, mahali ambapo barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma hukutana na barabara inayoelekea Tukuyu, Kyela na mpaka wa Kasumulu. Ndipo kilipo Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), ambacho jina lake limebebwa na aina kadhaa za maharage, ikiwamo Uyole 96 na Uyole Njano. Viazi mviringo, mahindi na maharage kutoka vijiji vya jirani, mchele kutoka Mbarali na Kyela, pamoja na ndizi na parachichi kutoka Rungwe hupita hapo kwenda katika masoko ya mbali. Dar es Salaam, liliko soko kubwa la bidhaa hizo, ipo umbali wa zaidi ya kilomita 800. Kwa muda mrefu pengo hilo limekuwa likizibwa na dalali, na sasa simu ya mkononi inampa muuzaji njia ya kumfikia mnunuzi moja kwa moja. Njia hiyo nayo ina gharama zake.

Kifurushi cha muuzaji ni nini

Soko la mtandaoni ni tovuti au programu ya simu inayowakutanisha wauzaji wengi na wanunuzi wengi. Mwenye soko hilo, kwa kawaida, hana bidhaa yake mwenyewe. Anachouza ni nafasi na huduma. Kifurushi cha muuzaji ni mkataba ambao muuzaji hulipa ada kwa kipindi maalumu, iwe wiki, mwezi au mwaka, na kwa malipo hayo hupewa haki fulani: kuweka matangazo mengi zaidi, matangazo yake kuonekana juu ya mengine, kuwa na ukurasa wa duka lenye jina lake, kupata takwimu za watazamaji, au kukatwa kamisheni ndogo kwa kila mauzo.

Mfanyabiashara aliyezoea soko la kawaida anaweza kulielewa jambo hili kwa urahisi. Kodi ya kizimba hulipwa kila mwezi, mteja awepo asiwepo. Malipo ya dalali hutolewa pale tu mzigo unapouzwa. Kifurushi cha muuzaji ni ndugu wa kodi ya kizimba, na kamisheni ni ndugu wa malipo ya dalali. Anayechukua kizimba anabeba hatari ya mwezi mbaya peke yake. Anayemtumia dalali anagawana naye hatari hiyo, lakini mwezi ukiwa mzuri humlipa zaidi.

Ni muhimu pia kutambua kile ambacho kifurushi hakiuzi. Mwenye soko huuza kuonekana kwa tangazo, wala haahidi kwamba mnunuzi atapatikana. Tangazo lililowekwa juu ya mengine lakini lenye picha hafifu, bei isiyoeleweka au simu isiyopokelewa litatazamwa na watu wengi bila kuuza chochote.

Njia nne za kumtoza muuzaji

Masoko ya mtandaoni hutofautiana katika majina ya vifurushi vyao, lakini malipo yenyewe huangukia katika makundi manne.

La kwanza ni tangazo la bure. Muuzaji huweka idadi ndogo ya matangazo bila malipo, na mnunuzi humpigia simu moja kwa moja. Mara nyingi malipo na makabidhiano hufanyika nje ya tovuti, na mwenye soko hahusiki nayo.

La pili ni malipo ya kulipandisha tangazo. Muuzaji hulipia tangazo moja lionekane juu kwa siku kadhaa, kisha malipo hayo huisha yenyewe. Utaratibu huu unajulikana kwa wanaotumia tovuti za matangazo madogomadogo pamoja na mitandao ya kijamii.

La tatu ni kamisheni. Mwenye soko hupokea fedha za mnunuzi, hukata asilimia yake, kisha humlipa muuzaji kiasi kinachobaki. Asilimia hiyo aghalabu hutofautiana kwa aina ya bidhaa.

La nne ni ada ya kipindi, yaani kifurushi chenyewe. Kinaweza kuwa peke yake au kikachanganywa na kamisheni iliyopunguzwa.

Mfano unaofahamika zaidi duniani ni wa kampuni ya Amazon. Kwa bei ambazo kampuni hiyo imekuwa ikizitangaza nchini Marekani, muuzaji wa mpango wa mtu binafsi hulipa dola 0.99 kwa kila bidhaa inayouzwa, ilhali muuzaji wa mpango wa kitaalamu hulipa dola 39.99 kwa mwezi bila kujali idadi ya bidhaa. Hizo ni mbali na kamisheni ambayo wote wawili hukatwa. Anayeuza bidhaa 40 kwa mwezi atalipa dola 39.60 katika mpango wa kwanza, hivyo bado unamfaa. Akifikisha bidhaa 41, gharama hupanda hadi dola 40.59, na mpango wa pili unakuwa nafuu. Kila soko lina namba yake ya aina hiyo, na jukumu la kwanza la muuzaji ni kuitafuta.

Hesabu ya kwanza: kamisheni au ada

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Uyole anayefungasha mchele katika mifuko ya kilo 10. Viwango vinavyofuata ni vya kufundishia hesabu tu. Si bei ya soko wala ya kampuni yoyote.

Mfuko mmoja unauzwa Sh 32,000. Baada ya kuondoa gharama ya mchele, mfuko, kibarua na usafiri, faida kabla ya malipo ya mtandaoni ni Sh 4,000. Soko la mtandaoni linampa njia mbili. Njia A haina ada ya mwezi, ila hukatwa kamisheni ya asilimia 8. Njia B ina ada ya Sh 30,000 kwa mwezi na kamisheni ya asilimia 2.

Katika Njia A, kamisheni ya mfuko mmoja ni Sh 2,560, na faida inayobaki ni Sh 1,440. Katika Njia B, kamisheni ni Sh 640, na faida inayobaki kwa mfuko ni Sh 3,360, lakini Sh 30,000 za mwezi lazima zitoke humo.

Akiuza mifuko 10 kwa mwezi, Njia A inamwachia Sh 14,400 na Njia B inamwachia Sh 3,600 tu. Akiuza mifuko 16, Njia A inamwachia Sh 23,040 na Njia B Sh 23,760. Hapo ndipo njia hizo zinapopishana. Akiuza mifuko 30, Njia A inamwachia Sh 43,200 na Njia B Sh 70,800. Na akiuza mifuko minane au pungufu, Njia B inamtia hasara, kwa kuwa faida ya mifuko minane ni Sh 26,880, ambayo haifikii ada ya mwezi.

Namba ya kupishana hupatikana kwa kugawanya ada ya mwezi kwa tofauti ya kamisheni katika bidhaa moja. Katika mfano huu, tofauti ni Sh 1,920. Sh 30,000 ukizigawa kwa 1,920 unapata 15.6, yaani mifuko 16. Muuzaji anayejua kwamba mauzo yake ya mtandaoni hayajawahi kufika mifuko 16 kwa mwezi hana sababu ya kihesabu ya kuchukua Njia B, hata kama imepewa jina la kuvutia.

Ikumbukwe pia kwamba kamisheni hukatwa katika bei ya kuuzia, si katika faida. Asilimia 8 huonekana ndogo, lakini katika mfano huu imechukua Sh 2,560 kati ya Sh 4,000 za faida. Bidhaa zenye faida finyu, kama nafaka na viazi, huumizwa zaidi na kamisheni kuliko bidhaa zenye faida pana, kama nguo, viungo vilivyosindikwa au kazi za mikono.

Hesabu ya pili: wateja wa nyongeza

Katika tovuti za matangazo zisizokata kamisheni, hesabu hubadilika. Hapo muuzaji hulinganisha tangazo la bure na kifurushi cha kulipia, na swali linakuwa hili: je, kifurushi kitaleta wateja wangapi ambao wasingekuja bila hicho?

Iwapo faida ya mfuko ni Sh 4,000 na kifurushi ni Sh 30,000, inahitajika mifuko minane ya nyongeza kila mwezi ili kurudisha fedha hiyo. Neno la kuzingatia ni nyongeza. Mteja wa siku zote, ambaye angepiga simu kwa vyovyote, hahesabiwi hata kama safari hii ameliona tangazo.

Njia ya kulijua hilo ni kuweka kumbukumbu. Kwa mwezi mmoja, muuzaji atumie tangazo la bure na kuandika kila anayepiga simu, alikoipata namba, alichonunua na kiasi alicholipa. Mwezi unaofuata alipie kifurushi kidogo cha muda mfupi, kisha aandike vilevile. Tofauti kati ya miezi hiyo miwili, mradi yote iwe ya msimu mmoja, itamwambia ukweli kuliko maelezo ya wakala wa mauzo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na usemi huo haujachakaa kwa kuwa daftari sasa limo ndani ya simu.

Msimu wa Nyanda za Juu Kusini

Vifurushi vingi hupangwa kana kwamba miezi yote 12 inafanana. Kwa mfanyabiashara wa mazao wa Nyanda za Juu Kusini haifanani. Mikoa hii ina msimu mmoja mrefu wa mvua, unaoanza mnamo Novemba na kumalizika kati ya Aprili na Mei. Mahindi huvunwa kwa wingi kuanzia Juni hadi Agosti, na kila zao lina miezi yake ya wingi na ya uhaba. Ipo miezi ambayo muuzaji ana mzigo lakini bei ni ndogo, na ipo ambayo bei ni nzuri lakini hana cha kuuza.

Kwa sababu hiyo, punguzo la kulipia mwaka mzima linahitaji kutazamwa kwa makini. Tuseme kifurushi cha Sh 30,000 kwa mwezi kinauzwa Sh 300,000 kwa mwaka, yaani mwaka kwa bei ya miezi kumi. Anayeuza mfululizo miezi 12 ataokoa Sh 60,000. Lakini mfanyabiashara ambaye mzigo wake hutoka kwa miezi mitano tu angelipa Sh 150,000 kama angelipia mwezi kwa mwezi. Kwake yeye, punguzo hilo limemgharimu Sh 150,000 zaidi. Kifurushi cha mwaka katika mfano huu kinamfaa yule tu anayekitumia kwa zaidi ya miezi kumi.

Swali la kuuliza ni kama kifurushi kinaweza kusimamishwa wakati wa uhaba na kuendelea wakati wa mavuno bila kupoteza ukurasa, picha na maoni ya wateja. Soko linaloruhusu hivyo lina thamani kubwa zaidi kwa muuzaji wa mazao kuliko linalotoa punguzo la mwaka.

Tahadhari hii inavihusu zaidi vikundi vinavyotumia mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo huo una ratiba yake ya marejesho. Kikundi kikifunga sehemu ya mtaji katika kifurushi cha mwaka, kitakuwa na madai mawili yasiyongoja msimu: rejesho la mkopo na ada ya soko.

Gharama zisizoonekana katika tangazo la kifurushi

Bei ya kifurushi si gharama yote. Kabla ya kulinganisha, muuzaji anapaswa kuongeza gharama zifuatazo.

Kwanza, kodi. Aulize iwapo bei iliyotangazwa imejumuisha Kodi ya Ongezeko la Thamani au itaongezwa wakati wa kulipa.

Pili, makato ya malipo. Kupokea fedha kwa mtandao wa simu au benki, na kuzitoa kwa wakala, kuna makato yanayotofautiana kwa kiasi na mtoa huduma. Vilevile, soko linaloshikilia fedha za muuzaji kwa siku 7 au 14 kabla ya kumlipa linamfanya afanye biashara kwa mtaji uliopungua.

Tatu, usafirishaji na bidhaa zinazorudishwa. Mzigo unaotoka Uyole kwenda Dar es Salaam kwa basi, lori au Posta unalipiwa, na mteja akiukataa unalipiwa tena kurudi. Kwa bidhaa zinazoharibika, kama parachichi na nyanya, kurudishwa ni sawa na kupotea.

Nne, fedha za kigeni. Masoko ya nje hutoza kwa dola, hivyo gharama hupanda shilingi inaposhuka thamani. Kwa upande wa biashara ya ndani, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025 zinakataza bidhaa na huduma zinazotolewa nchini kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Muuzaji aliyepo Tanzania anayemuuzia mteja aliyepo Tanzania aweke bei zake kwa shilingi.

Tano, muda. Kupiga picha, kujibu ujumbe na kufuatilia mizigo ni kazi. Asiye na mtu wa kujibu simu mchana kutwa hatanufaika na kifurushi kinachoongeza simu.

Masharti ya kusoma kabla ya kukubali

Kubonyeza neno "Nakubali" ni kuingia katika mkataba. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofungwa kwa njia ya kielektroniki, hivyo muuzaji asichukulie kwamba kwa kuwa hakutia saini kwa kalamu basi hajafungwa na chochote. Yapo mambo sita ya kutafuta katika masharti hayo.

1. Kifurushi kinajirudia chenyewe kinapoisha, au kinasubiri muuzaji alipe upya? Kama kinajirudia, kinasitishwa vipi na siku ngapi kabla?
2. Muuzaji akiacha katikati ya kipindi, anarudishiwa sehemu ya fedha au hapana?
3. Mwenye soko anaweza kupandisha ada au kamisheni wakati kifurushi kikiendelea? Taarifa hutolewa muda gani kabla?
4. Tangazo likiondolewa au akaunti ikifungiwa, ni kwa sababu zipi, na rufaa hupelekwa wapi?
5. Nani hubeba hasara bidhaa ikipotea au kuharibika njiani?
6. Picha, maoni ya wateja na orodha ya wanunuzi ni mali ya nani baada ya mkataba kuisha?

Jibu la kila swali linapaswa kuwa la maandishi. Ahadi ya wakala kwa njia ya simu haina uzito iwapo masharti yaliyoandikwa yanasema vingine.

Funzo la mwaka 2019

Historia fupi ya masoko ya mtandaoni nchini inatoa sababu ya kuyasoma masharti hayo kwa uangalifu. Kampuni ya Jumia, iliyokuwa miongoni mwa majina makubwa ya biashara hiyo barani Afrika, ilisitisha soko lake la bidhaa nchini Tanzania mwezi Novemba 2019. Mwaka huohuo, tovuti za matangazo za OLX katika nchi tano, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, zilinunuliwa na kampuni ya Jiji.

Matukio hayo ni ya kawaida katika biashara; kampuni hufungua, hufunga na huuzana. Kinachomhusu muuzaji ni kwamba soko la mtandaoni linaweza kufungwa au kubadili mwenyewe wakati kifurushi chake hakijaisha. Kipindi kirefu cha malipo ya awali huongeza kiasi kilicho hatarini. Aidha, muuzaji ambaye wateja wake wote wamo ndani ya soko moja, bila yeye kuwa na kumbukumbu zake, anaweza kujikuta anaanza upya. Usiache mbachao kwa msala upitao: duka, simu na wateja wa siku zote viendelezwe sambamba na tangazo la mtandaoni.

Wajibu wa kisheria wa muuzaji

Kuuza mtandaoni hakumwondolei mtu wajibu alionao mfanyabiashara wa dukani. Muuzaji anatakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN), ambayo hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Jina la biashara husajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kupitia mfumo wake wa mtandaoni, na leseni ya biashara hupatikana katika halmashauri husika. Mauzo ya mtandaoni huhesabiwa pamoja na ya dukani katika kukokotoa kodi. Tangu Julai 2023, kiwango cha mauzo kinachomlazimu mfanyabiashara kujisajili katika Kodi ya Ongezeko la Thamani ni Sh milioni 200 kwa mwaka. Kwa kuwa viwango vya kodi hurekebishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, muuzaji athibitishe viwango vya sasa katika ofisi ya TRA iliyo karibu naye. Stakabadhi ya malipo ya kifurushi ihifadhiwe, kwa kuwa ni kumbukumbu ya gharama za biashara.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inamtaka pia muuzaji wa mtandaoni kumpa mnunuzi taarifa za kumtambulisha, maelezo ya bidhaa na bei yake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu namba za simu na anwani za wateja: zitumike kwa kazi iliyozifanya zikusanywe, wala zisiuzwe au kugawiwa kwa wengine.

Kwa wauzaji wa mazao, vipimo ni suala la kipekee. Sheria ya Vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito, na ufungashaji usizidi kilo 100 kwa gunia. Lumbesa hairuhusiwi shambani, sokoni wala katika tangazo la mtandaoni. Tangazo linalosema "gunia la viazi" bila kutaja kilo humwacha mnunuzi gizani na kumweka muuzaji katika hatari ya kuvunja sheria. Vyakula vilivyosindikwa vinahusika na udhibiti wa ubora wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mbegu zinahusika na udhibiti wa Taasisi ya Udhibiti wa Ubora wa Mbegu Tanzania (TOSCI).

Kujikinga na utapeli

Wapo matapeli wanaojifanya mawakala wa masoko ya mtandaoni na kuuza vifurushi visivyokuwapo. Muuzaji alipe kupitia tovuti au programu rasmi ya soko husika, na kabla ya kuthibitisha malipo asome jina la mpokeaji linalotokea kwenye simu. Jina la mtu binafsi mahali panapopaswa kuwa na jina la kampuni ni dalili ya hatari. Namba ya siri ya huduma za kifedha na namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe mfupi asipewe mtu yeyote, hata anayejitambulisha kuwa mtumishi wa soko au wa kampuni ya simu. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, upelekwe bila malipo kwenda namba 15040, na aliyekwishaibiwa atoe taarifa katika kituo cha polisi akiwa na kumbukumbu za muamala.

Utaratibu unaopendekezwa

Mfanyabiashara anayeanza anaweza kufuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Aandike faida halisi ya bidhaa moja baada ya gharama zote, usafiri ukiwamo.
2. Aanze na tangazo la bure au njia ya kamisheni kwa mwezi mmoja hadi miwili, akiweka kumbukumbu za kila mauzo.
3. Akokotoe namba ya kupishana, yaani idadi ya bidhaa ambayo ada ya mwezi inaanza kuwa nafuu.
4. Ailinganishe namba hiyo na mauzo ya mwezi wa kawaida, si ya mwezi bora kuliko yote.
5. Akiamua kulipia, achague kifurushi kidogo zaidi kinachokidhi haja yake na kipindi kifupi zaidi kilichopo, hasa kama bidhaa yake ni ya msimu.
6. Ahifadhi nakala ya masharti, stakabadhi na orodha ya wateja nje ya tovuti hiyo.
7. Kila baada ya miezi mitatu arudie hesabu, kisha apandishe, ashushe au asitishe kifurushi kulingana na matokeo.

Kifurushi kikubwa si kibaya kwa mwenye mauzo makubwa na mzigo usiokatika. Kwake huwa ni nafuu, kama mfano wa mifuko 30 ulivyoonesha. Lakini kwa anayeuza mifuko 10 kwa mwezi, kifurushi hichohicho kinampunguzia faida kutoka Sh 14,400 hadi Sh 3,600. Wote wawili wanaweza kuwa majirani katika soko moja la Uyole, wakitazama tangazo lilelile kwenye simu zao, na jibu sahihi la mmoja likawa hasara kwa mwenzake.

Wananchi wanaohitaji ufafanuzi wa masuala ya kodi, usajili, vipimo, ubora wa bidhaa au ulinzi wa mlaji wanashauriwa kuwasiliana moja kwa moja na taasisi zilizotajwa katika makala haya, au kufika kwa Ofisa Biashara wa halmashauri yao.